Kora, nyatiti na gitaa: vyombo viwili vinapoketi mkeka mmoja

Mpwa wangu anapiga gitaa katika hoteli za Diani. Jioni moja alinijia nyumbani hapa Ramisi, akaweka simu yake mezani kando ya birika la chai na kuniambia, "Mjomba, hebu sikiliza hii." Ilikuwa gitaa moja na chombo kingine ambacho sauti yake ilikuwa kama maji yanayodondoka juu ya kaango. Hapakuwa na ngoma wala muimbaji. Gitaa lilitembea polepole, na kile chombo kingine kikakimbia juu yake, kikarudi, kikakimbia tena.

Nikamwambia arudie. Aliporudia mara ya tatu nikamwambia, "Hii mimi nimeisikia hapa hapa Ramisi."

Akacheka. "Mjomba, hawa ni watu wa Mali. Hicho ni kora. Ramisi umeisikia wapi?"

Nilimweleza usiku ule, na leo nawaelezea wasomaji, kwa sababu wengi husikia muziki huu kwenye simu na wasijue ni nini. Pia nina deni la kulipa, nalo nitalitaja mwishoni.

Kora ni chombo gani

Kora ni chombo cha nyuzi cha Afrika Magharibi, cha watu wa jamii ya Wamandinka na ndugu zao walioko Mali, Gambia, Senegal, Guinea na Guinea-Bissau. Tumbo lake ni nusu ya buyu kubwa lililokaushwa, likawambwa ngozi ya ng'ombe kama tunavyowamba ngoma zetu. Katikati hupita mti mrefu, ndio shingo. Juu ya ngozi husimama daraja la mbao lenye mikato pande mbili, na nyuzi zimepangwa huko: 11 upande wa mkono wa kushoto na 10 upande wa kulia. Jumla ni 21.

Zamani nyuzi hizo zilikuwa za ngozi iliyosokotwa. Siku hizi ni nailoni, mshipi ule ule ambao wavuvi wetu wa Shirazi na Bodo huutumia kuvulia. Zilifungwa shingoni kwa pete za ngozi, na mpigaji alipotaka kulinganisha sauti aliisukuma pete juu au chini. Kazi hiyo inataka subira, na ndiyo sababu wengi sasa hutia skrubu kama za gitaa.

Mpigaji huketi na kora ikimwelekea yeye mwenyewe. Vidole vitatu vya kila mkono hushika vijiti viwili vilivyosimama kando ya shingo, na gumba na kidole cha shahada hupiga. Vidole vinne tu, nyuzi 21. Udi wetu wa taarabu hupigwa kwa risha, na risha hutoa mstari mmoja wa sauti, ukienda mbele na kurudi. Kora ni tofauti. Gumba hushika sauti nzito za chini, na vidole vya shahada hupiga zile nyembamba za juu, kwa hivyo mtu mmoja husikika kama watatu.

Huko kwao kupiga kora si kazi ya kila mtu. Ni kazi ya koo za majeli, watu waliorithi kuhifadhi nasaba, kusifu watu wakubwa na kusuluhisha ugomvi. Majina ya koo hizo ni kama Diabaté, Kouyaté, Sissoko na Konté. Mtoto huzaliwa ndani ya kazi hiyo na kufunzwa na baba au ami.

Ali na Toumani

Muziki aliouleta mpwa wangu ni wa wawili mashuhuri. Mpiga kora ni Toumani Diabaté, aliyezaliwa Bamako mwaka wa 1965, mtoto wa mpiga kora Sidiki Diabaté. Mpiga gitaa ni Ali Farka Touré, aliyezaliwa mwaka wa 1939 na kukulia Niafunké, mji ulio kando ya mto Niger kaskazini mwa Mali.

Wawili hawa hawakuwa wa ukoo mmoja wala lugha moja. Toumani alikuwa jeli wa Kimande kutoka kusini. Ali alikuwa mtu wa kaskazini, upande wa Wasonghai, na kwao hapakuwa na kazi ya uimbaji ya kurithi. Alianza na vyombo vidogo vya nyuzi vya kwao kabla ya kushika gitaa, na gitaani akaendelea kupiga yale aliyoyapiga huko. Alikuwa mkulima hata alipojulikana duniani, na mwaka wa 2004 akawa meya wa Niafunké.

Mwaka huo huo wa 2004 waliketi pamoja katika Hôtel Mandé, hoteli ya Bamako inayotazama mto Niger, wakarekodi. Hawakufanya mazoezi. Mmoja alianza, mwingine akaingia. Rekodi hiyo, In the Heart of the Moon, ilitoka mwaka wa 2005 na ikapata tuzo ya Grammy Februari 2006. Mwezi uliofuata, Machi 2006, Ali akafariki.

Kabla ya hapo, mwaka wa 2005, walikuwa wameketi tena London na kurekodi mara ya pili, wakati Ali tayari ni mgonjwa. Rekodi hiyo ya pili, Ali and Toumani, ilitoka mwaka wa 2010 nayo ikapata Grammy. Toumani mwenyewe alifariki Julai 2024. Hebu fikiria kama mikutano hiyo miwili ingeahirishwa kwa miaka miwili tu, kwa sababu ya safari au pesa. Hatungekuwa na chochote cha kusikiliza.

Kati ya nyimbo za rekodi ile ya kwanza upo Kaira, wimbo wa kale wa kora ambao Sidiki, baba yake Toumani, alijulikana nao sana. Kaira maana yake ni amani, na asili yake ni neno la Kiarabu lile lile lililotupa sisi "heri". Kwa hivyo hata hatujaanza kusikiliza, neno la kwanza tunalijua.

Namna ya kuusikiliza

Mtu aliyezoea taarabu au bango huenda akauona muziki huu haufiki popote. Anangoja kiitikio, na kiitikio hakiji. Ndivyo nilivyosikia mimi mara ya kwanza.

Siri ni kuugawa kwa masikio. Wapiga kora wana majina mawili ya kazi zao. La kwanza ni kumbengo, ule mzunguko mfupi unaorudiwa tena na tena, kama mkeka ulioandaliwa. La pili ni birimintingo, mbio za sauti zinazomwagwa juu ya mkeka huo kisha zikaisha na mzunguko ukaendelea. Anapokuwa peke yake, mpiga kora hufanya yote mawili. Gitaa likija, mzigo hugawanywa: mmoja hushika mzunguko, mwingine hupata ruhusa ya kukimbia.

Basi sikiliza kwanza gitaa peke yake mpaka uujue mzunguko, uweze kuuhesabu kwa vidole mezani. Kisha hamia kwenye kora. Utaona kwamba kora haikimbii ovyo, kila mara hutua pale pale gitaa linapotua. Mwishowe sikiliza wanapobadilishana kazi, maana ndipo penye raha ya muziki wenyewe. Hakuna anayepiga kelele ya kusema "sasa zamu yako". Mmoja hupunguza tu, na mwingine anafahamu.

Ramisi kabla ya 1988

Sasa nirudi kwenye swali la mpwa wangu, nimeisikia wapi.

Vijana wa leo wanaiona Ramisi kama kituo cha matatu kwenye barabara ya kwenda Lunga Lunga. Sisi tulioikuta nyingine tunakumbuka king'ora cha kiwanda. Sukari ilianza kutengenezwa hapa mwaka wa 1927, na kwa miaka 60 miwa ilivuta watu kutoka kila upande wa Kenya. Wadigo, Wakamba, Wajaluo, Waluhya na wengine waliishi kambi moja, wakachota maji bomba moja, watoto wakagombana kwa Kiswahili kimoja. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 1988. Kingine kilikuja miaka mingi baadaye, lakini ile Ramisi ya kambi haikurudi.

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa kiwandani na alikuwa na gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Alijifunza kwa redio, akimfuata Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwenda alikuwa kijana tu mwaka wa 1952 pale Hugh Tracey alipomkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi akiimba kwa Kiswahili cha kwao. Alipiga kwa gumba na kidole cha shahada: gumba likashika sauti nzito, shahada ikaimba. Rekodi zake zilifika Kenya, na wapiga gitaa wa hapa wakaitwaa namna hiyo ya vidole viwili. Ami naye aliitwaa, lakini gumba lake lilitoka kwetu. Alikuwa mchezaji wa sengenya, na lile gumba lilidunda kama bumbumbu.

Jirani wa mlango wa tatu alikuwa mzee wa Kijaluo kutoka upande wa Siaya. Sote tulimwita Jaduong', yaani mzee, kwa heshima. Yeye alikuwa na nyatiti.

Nyatiti ni chombo cha nyuzi 8. Tumbo lake ni mti uliochongwa ukawambwa ngozi ya ng'ombe, na mikono miwili ya mbao hutoka humo kushika mti wa juu ambako nyuzi hufungwa. Mpigaji huketi chini kwenye kigoda kifupi na chombo ubavuni. Kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, na kwa pete hiyo hugonga ukingo wa mbao. Mguuni pia huvaa njuga. Kwa hivyo yeye peke yake ni nyuzi, ngoma na sauti. Kwa Wajaluo chombo hiki kilipigwa harusini, kwenye pombe na matangani.

Jioni za mwisho wa mwezi, Jaduong' alitoa kigoda chake chini ya mwembe, na ami akatandika mkeka kando yake. Nilikuwa na miaka kumi na kitu, kazi yangu ni kupeleka kahawa. Nakumbuka kwamba walianza kwa kimya kirefu, kwa sababu ami alikuwa akitafuta sauti. Nyatiti hulinganishwa na koo la mwenye kuimba, na Jaduong' hakukubali kuzigusa nyuzi zake kwa ajili ya mtu. Ami ndiye aliyesogea. Alifunga penseli kwa mpira juu ya shingo ya gitaa, akaisukuma juu, akaisukuma chini, mpaka Jaduong' akatikisa kichwa kwamba sawa. Kisha nyatiti ikaanza kuzunguka, na gitaa likaingia.

Sikujua wakati ule kwamba kuna kumbengo na birimintingo. Nilijua tu kwamba mmoja akikimbia mwingine anangoja. Ndiyo maana nilipoisikia simu ya mpwa wangu nikasema nimeisikia hapa. Vyombo si vile vile, na mahali ni mbali sana. Lakini lile la mkulima wa kaskazini na jeli wa kusini kuketi pamoja, kila mtu na yake, bila mmoja kumgeuza mwenziwe, nililiona kwa Mdigo na Mjaluo chini ya mwembe.

Nyuzi zetu wenyewe

Msomaji wa hapa Pwani anaweza kuuliza, sisi tunahusika nini na kora au nyatiti, tuna udi wetu. Ni kweli, na tulikuwa na kingine pia. Gambusi, ambalo Lamu waliliita kibangala, ni ndugu mdogo wa udi. Lilichongwa kwa kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi usoni, na asili yake ni Yemen. Komoro bado wanalipiga. Kwetu udi na vyombo vya kisasa vililisukuma pembeni, na leo ukilitafuta Kwale huenda usilikute hata kwa wauza vitu vya kale.

Udi umebaki kwa sababu ulipata watu wa kuubeba na kuurekodi. Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa hadi kufariki kwake mwaka wa 2016, ameacha kazi ambayo kijana yeyote anaweza kujifunza kwayo leo. Nyatiti nayo ilibebwa kwa njia mbili. Wapiga gitaa wa benga, kama D. O. Misiani, walihamisha mwendo wake kwenye gitaa la umeme. Na Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa hapa mwaka wa 1956, aliipeleka yenyewe hadi Ulaya na kwenye filamu. Wimbo wake Kothbiro ulisikika katika The Constant Gardener ya mwaka wa 2005. Alifariki mwaka wa 2019, na sauti yake tunayo.

Ukivipanga vyote hivi utaona jambo moja. Chombo kilichorekodiwa kikiwa bado mikononi mwa anayekijua, kijana anaweza kukirudia hata baada ya miaka 50. Ambacho hakikurekodiwa, hata aliyekiona kwa macho hawezi kukirudisha. Mimi nilikuwepo chini ya mwembe, na siwezi.

Deni langu

Kiwanda kilipofungwa Jaduong' alirudi kwao. Nakumbuka nyatiti ikifungwa kwa shuka na kupandishwa juu ya basi. Hatukupata habari zake tena. Ami alibaki, akawa mkulima, akaendelea kupiga peke yake jioni, na akafariki mwaka wa 2016. Miaka hiyo nilikuwa tayari na simu yenye kurekodi. Nilirekodi harusi, nikarekodi mechi za uwanjani, nikarekodi mafuriko ya mto. Ami sikumrekodi hata dakika moja. Alikuwepo kila siku, na kitu cha kila siku hukidhani ni cha kesho pia.

Wimbo mmoja walioupenda bado uko kichwani mwangu. Nilimwimbia mpwa wangu kwa mdomo, naye akautafuta kwenye gitaa. Tulikuwa tukiufanya wa furaha, wa haraka haraka, maana sisi watoto tuliuchezea. Siku moja tukampelekea mama mmoja wa Kijaluo aliyebaki Ramisi tangu enzi za kambi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kanga.

"Mnaukimbiza, mwanangu," akaniambia. "Huo alikuwa akimlilia nduguye."

Alikufa Nyanza, akasema, na Jaduong' hakupata ruhusa ya kwenda kumzika. Akawa anaupiga kila mwisho wa mwezi. Ami alijua. Sisi hatukuuliza.

Tangu siku hiyo mpwa wangu anaupiga polepole. Maneno yake hatuna, isipokuwa mawili matatu aliyoyakumbuka yule mama.

Basi ninaloomba si kubwa. Kama nyumbani kwenu, au kwa jirani, yupo mtu anayepiga udi, zeze, chivoti, nzumari, nyatiti au gitaa kavu la zamani, nenda na simu wiki hii. Zima feni, funga dirisha la upande wa barabara, weka simu karibu na chombo na si karibu na mdomo. Mwache apige wimbo mzima bila kumkatiza. Kisha muulize, na majibu yake urekodi pia: wimbo huu jina lake nani, ulitungwa kwa ajili ya nani, hupigwa wakati gani, nyuzi hizi unazilinganisha vipi. Mwombe apige uzi mmoja mmoja, ili mwenye kujifunza baadaye ajue sauti zake. Tengeneza nakala mbili, moja uweke mbali na simu yako, na ya pili umwachie mwenyewe au watoto wake, kwa sababu ni mali yao.

Na kama una kijana wa gitaa, mketishe kando ya mzee huyo. Asimfundishe mzee nyimbo za redio. Afunge penseli kwenye shingo ya gitaa lake, aisogeze mpaka mzee atikise kichwa, kisha angoje mzunguko uanze.

Mwembe bado upo. Mpwa wangu huja Jumapili asipokuwa na kazi hotelini, na mkeka naleta mimi. Mwenye nyatiti, popote alipo kati ya Likoni na Vanga, tunamkaribisha. Kahawa ipo.